Jua Langu Linachomoza Saa Kumi na Moja

Jumapili, 13 Julai

Baridi. Upepo unapita chini ya mlango kama una ufunguo wake.

Naandika nikiwa mtu aliyesomewa hukumu. Jana dada yangu Nesta alivuka mpaka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, hakungoja hata chai ipoe, akasema lake. Watoto wake wawili, Mercy na Enesi, wako kwangu tangu likizo ya Juni ili wasome huku Tunduma. Shule ilifunguliwa Jumanne. Jumanne wakachelewa. Jumatano wakachelewa. Alhamisi na Ijumaa sisemi. Nesta ametoa wiki moja. Wakichelewa hata siku moja tu, Jumamosi anawachukua na kuwapeleka Isansa kwa binamu yetu Efraimu, mwenye shamba la kahawa na nyumba iliyopakana na uzio wa shule.

Efraimu! Mtu ambaye hajafika hata Kapiri ya Zambia! Mimi nilikuwa utingo wa malori miaka kumi na moja kabla ya kufungua saluni yangu ya kunyoa. Nimekula Ndola, nimelala Lubumbashi, Durban wananijua kwa jina. Sasa ninyang'anywe watoto na mtu anayejua njia moja tu, ya kutoka shambani kwenda kukoboa kahawa?

Kosa si la watoto. Ni la saa. Nakonde na Tunduma zimetenganishwa na geti na mtaro, lakini kule ikiwa saa moja, huku ni saa mbili. Mercy ana miaka kumi, Enesi saba, na tangu wazaliwe wamelala na kuamka kwa saa za kule. Mtoto na begi lake unawavusha kwa dakika tano. Usingizi wake unabaki upande wa pili, umepanga foleni ya muhuri. Na huu mwezi wa saba ndiyo kabisa. Siku fupi, jua la huku linatoka saa moja asubuhi, na saa hiyohiyo mtoto awe ameshafika shuleni kuwahi namba.

Namba ndiyo sheria ya shule yetu. Anayefika wa kwanza anapewa namba moja, anayefuata namba mbili, hivyo hivyo hadi saa moja na robo geti linapofungwa. Asiye na namba anaokota makaratasi uwanjani huku wenzake wanasoma. Jirani yangu Hezron ana binti, Marta, ambaye ni namba moja tangu darasa la kwanza. Hezron analitaja jambo hilo kama watu wengine wanavyotaja shahada.

Mke wangu Tabita ameshika sindano tangu Nesta aondoke. Anafuma sweta ya Enesi. Kwa miaka kumi na minne nyumba hii ilikuwa na vikombe viwili mezani. Sasa viko vinne, na kimoja kina pua ya kamasi pembeni muda wote. Sitaki kurudi kwenye viwili.

Nina mpango. Alamu za simu sizitumii. Nyumba yetu iko karibu na mpaka mno: simu ikikaa upande wa dirisha inashika mnara wa Zambia na kurudi nyuma saa nzima, ikikaa upande wa kabati ni Mtanzania mwema. Simu isiyojua uraia wake haiwezi kumwamsha mtoto. Nitakesha mwenyewe. Nimeshakesha kutoka Kapiri hadi hapa na mzigo wa shaba. Usiku mmoja wa kiti ni nini?

Jumatatu, 14 Julai

Ushindi! Hawakuchelewa.

Maelezo madogo. Nilikesha vizuri sana hadi saa tisa. Baada ya hapo nilifumba macho ili kuyapumzisha. Tabita ndiye aliyenigusa bega akisema ni saa moja kasoro dakika kumi. Nje jua bado halijatoka. Enesi alikataa kutoka kitandani, akasema huu ni usiku na yeye hasomi usiku. Nikambeba mgongoni na blanketi lake, Mercy akikimbia nyuma yangu ameshika viatu mkononi. Tukaingia getini mlinzi akiwa ameshalishika kufuli. Mercy namba mia mbili na tisa, Enesi mia mbili na kumi. Wa mwisho, lakini wa mwisho ni namba pia.

Mwalimu Restuta, wa zamu wiki hii, akaniita pembeni. Mama mpole, ana miwani. Akasema tatizo la watoto wa Nakonde analijua, kila mwaka wapo. Ushauri wake: niwalaze mapema kidogo kila siku, dakika kumi na tano leo, kesho kumi na tano nyingine. Chakula kiwahi. Simu ya katuni ifichwe jioni. Wakioga maji ya moto kabla ya kulala, bora zaidi. Na asubuhi jua likitoka waliote.

Nikamshukuru kwa heshima zote. Moyoni nilicheka. Dakika kumi na tano! Mimi ni mtu wa kilomita elfu mbili, naambiwa dakika kumi na tano.

Nilimsimulia Tabita mambo yote ya mwalimu kwa kuigiza hadi sauti. Akaniomba nirudie ile sehemu ya dakika. Nikarudia. Akaniomba nirudie na ya maji ya moto. Nikarudia. Nadhani alicheka.

Hezron amepita saluni kwangu kunyolewa. Akasema amesikia nimempeleka mtoto shule na blanketi, akauliza na mto tuliusahau? Nimemnyoa. Upande wa kushoto nimepandisha juu kidogo kuliko wa kulia. Hatajua hadi Jumapili kanisani.

Jumanne, 15 Julai

Leo wamepata namba mia na sitini na kitu. Tabita aliwaamsha, mimi nikatoa amri. Lakini kichwa changu kiko mbali na namba. Kiko kwenye jua.

Wazo limenijia nikiwa namnyoa mzee Asajile, mpiga kengele wa kanisa. Mtoto wa Nakonde anaamshwa na nini? Na mwanga. Jua linaingia dirishani, jicho linafunguka, kwisha. Huku shule inamdai kabla jua halijafika. Basi kama jua linachelewa, nani amesema lazima liwe lile la mbinguni?

Nitawatengenezea jua!

Nimechukua balbu kubwa ya saluni, ile ya kuangazia wanaotaka kunyolewa usiku. Nimeng'oa na kioo kikubwa, futi nne kwa tatu. Balbu inakaa nje ya dirisha la watoto, kioo kinakaa nyuma yake kwenye ukuta wa choo, mwanga unagonga kioo, unaingia chumbani kama alfajiri ya Ndola. Durban niliona hoteli imefanya kitu kama hiki, ila wao walikuwa na pesa na hawakuwa na akili.

Ugumu mmoja: saluni sasa haina kioo. Mzee Asajile akauliza anaonekanaje. Nikamwambia aniamini. Alitoka anajipapasa kisogo kwa mikono miwili.

Tabita ameanza tabia mpya. Jana ugali ulikuja mapema. Leo umekuja mapema zaidi, jua bado linaonekana, sina hata njaa. Simu yake ya katuni imepotea, anasema hajui iliko, na hana wasiwasi nayo hata kidogo. Watoto wameogeshwa maji ya moto na kulazwa wakati mimi nahitaji mtu wa kunishikia ngazi. Mwanaume anapigania familia yake peke yake.

Jumatano, 16 Julai

Siku kubwa! Historia ya mtaa huu itagawanywa: kabla ya leo na baada ya leo.

Nilitaka jua langu liwake saa kumi na moja na nusu. Sasa mimi sikeshi tena, kwa hiyo ilibidi nitumie simu. Jana jioni niliikuta dirishani imehamia Zambia. Mtu mjinga angechelewa kwa saa nzima. Mimi nikapiga hesabu: saa kumi na moja na nusu za kwetu ni saa kumi na nusu za kule. Nikatega alamu saa kumi na nusu. Akili!

Wakati fulani usiku Tabita aliihamisha simu kutoka dirishani kwenda kabatini ili isishike umande. Ikarudi Tanzania. Ikalia saa kumi na nusu za hapahapa, saa nzima kabla ya wakati. Sikujua. Nikatoka na kaptura, nikabonyeza swichi.

Jua likachomoza. Lilikuwa zuri, sisemi uongo. Ukuta wote wa choo uling'aa. Tatizo kioo kiliinama kidogo, mwanga badala ya kuingia chumbani ukavuka uzio ukaenda kutua ndani ya banda la kuku la Hezron.

Hezron ana majogoo sita. Wote waliamka kwa pamoja.

Ni lazima ieleweke kwamba mtaa wetu hauamini simu, kwa sababu hiyohiyo ya minara. Mtaa wetu unaamini majogoo wa Hezron. Wakiwika mara moja, mama wa maandazi anabandika mafuta. Wakiwika mara ya pili, wanaopeleka bidhaa Nakonde wanafunga mizigo kwenye baiskeli. Wakiwika mara ya tatu, mzee Asajile anapiga kengele ya sala ya asubuhi. Leo wamewika mfululizo kama nusu saa bila kupumzika. Nilisikia kengele. Nikasikia milango. Nikaona taa nyumba hadi nyumba, na watoto wa mtaa mzima wakitembea gizani na mafagio yao kuelekea shule.

Mlinzi wa shule alifikiri amevamiwa. Alipuliza filimbi hadi akakaa chini.

Lakini angalia matokeo! Mercy namba tisa! Enesi namba kumi! Mtaa mzima hakuchelewa mtoto hata mmoja. Mwalimu Restuta aliandika namba kwa tochi. Wanafunzi walilala darasani hadi mapumziko, hilo nakubali, lakini walilala wakiwa wamewahi.

Jioni Hezron alikuja na jogoo mkubwa mkononi kama ushahidi. Akasema ndege wake amepoteza sauti. Akasema mimi nimemchezea Mungu na ratiba. Nikamwambia jirani, hongera, binti yako amekuwa namba moja tena, saa kumi na moja kasoro. Hakufurahi.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeitwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Wamekuja watu wengi kuliko kikao cha maji. Mama wa maandazi amesema aliuza maandazi kwa mbwa tu. Mzee Asajile amesema amesali sala ya asubuhi peke yake na baadaye akaisali tena na wenzake, na hajui ipi imehesabiwa. Hukumu: kioo kigeuzwe, mwanga usivuke uzio wangu. Na Hezron, kwa usalama zaidi, amelifunika banda lake kwa magunia na turubai hadi hakuna hata mstari wa mwanga.

Nimetoka pale kichwa juu. Wote walizungumzia uvumbuzi wangu saa nzima.

Na alfajiri, kabla ya kikao, jua lilikuwa limefanya kazi kikamilifu: kioo nilishakinyoosha, mwanga dirishani moja kwa moja. Nimeingia chumbani kuona wanavyoamka. Mercy alikuwa ameshavaa sare, anafunga kamba za viatu. Akasema shikamoo Bayama, ndivyo wanavyoita mjomba kule kwao. Akasema aliamka kabla ya taa. Mtoto ana adabu, hataki nijisikie nimetumia umeme mwingi. Enesi alikuwa jikoni na Tabita, anakunywa uji. Nilimuuliza mwanga ulimfikiaje. Akauliza mwanga gani.

Bado mdogo. Maneno ya kisayansi yanampita.

Namba arobaini na arobaini na moja. Bado siku moja. Kesho wakiwahi, watoto ni wetu. Nesta amepiga simu kukumbusha kwamba Efraimu ameshawatandikia vitanda. Tabita alisikia. Akaenda kulala pamoja na watoto, saa mbili kasoro, mtu mzima.

Ijumaa, 18 Julai

Yamekuwa mengi. Nitaandika polepole.

Alamu ililia. Nikatoka. Nikabonyeza swichi. Giza. Nikabonyeza tena. Umeme umekatika! Mtaa wote mweusi kama ndani ya buti. Nikasema nitakaa hapa kwenye ngazi hadi urudi, hauwezi kuchukua muda. Nilikuwa na blanketi. Hilo blanketi ndilo lililoniangusha.

Kilichoniamsha ni jua. Lile la mbinguni. Saa moja na dakika tano!

Nikaruka hadi chumbani kwa watoto. Vitanda vitupu, vimetandikwa. Jikoni hakuna mtu. Nilichofikiri ni kimoja tu: Nesta amekuja mapema, amewachukua. Sikuvaa shati. Nilipanda baiskeli na fulana na kaptura, na viatu viwili vya jozi tofauti.

Kwenye kona ya mtaro nikamkuta Hezron anakimbia. Hezron, mwenye kilo mia, anakimbia! Amemshika Marta mkono, Marta analia bila sauti, nywele hazijachanwa. Majogoo hawakuwika. Wako kwenye banda lenye magunia na turubai, wanafikiri bado ni usiku wa Alhamisi. Miaka minne namba moja, na leo geti linamfungia.

Ningeweza kupita. Ninaandika hapa kwenye daftari langu mwenyewe, sina sababu ya kujipamba. Kulikuwa na nusu sekunde ambayo niliifurahia. Halafu nikaona uso wa yule mtoto.

Nikamwambia Hezron, "Jirani, mpandishe huku nyuma, wewe fuata na kilo zako."

Marta akanishika kiunoni. Sijawahi kuendesha namna ile, hata kushuka milima ya Igamba bila breki. Mlinzi alikuwa anasukuma geti. Nikaingiza gurudumu la mbele, likakaa katikati. Akaniuliza nimevaa nini. Nikamwambia mtoto kwanza, nguo baadaye. Marta akapata namba mia mbili thelathini na moja, ya mwisho kabisa, na Mwalimu Restuta akamfuta machozi kwa kanga yake.

Ndipo nikauliza, kwa sauti ambayo haikuwa yangu, kama kuna watoto wawili wa Nakonde wamefika.

Mwalimu akafungua daftari ukurasa wa juu kabisa. Mercy, namba moja. Enesi, namba mbili. Walifika wakati mlinzi anatafuta funguo, akasema, wakiwa na anti yao aliyeshika kibatari.

Namba moja! Bila umeme!

Nimeendesha baiskeli kurudi nyumbani nikitafakari, nikapata jibu karibu na mashine ya kusaga. Ni mwanga wangu. Umewaingia. Siku mbili tu za jua langu, na mwili wa mtoto umehifadhi kama betri. Balbu haikuwa na umeme lakini watoto walikuwa nao.

Nilimweleza Tabita. Alikuwa anaanika blanketi. Akasema inawezekana. Akageukia ukuta kwa muda, mabega yanacheza. Wanawake wana hisia nyepesi mbele ya sayansi.

Jumamosi, 19 Julai

Nesta amefika na gauni la safari na begi tupu la kubebea nguo za watoto. Niliona lile begi kabla sijamwona yeye. Tabita naye aliliona, akaweka mezani sahani ya viazi mbele yake kana kwamba viazi vinaweza kuzuia zipu.

Nesta akasoma barua ya Mwalimu Restuta mara mbili. Siku tano, hakuna kuchelewa, Ijumaa namba moja na namba mbili. Akawaita watoto wasimame mbele yake. Akamuuliza Mercy ni nani anayewaamsha siku hizi.

Mercy akamtazama anti yake. Tabita akawa amemezwa na kazi ya kumenya kiazi. Alitikisa kichwa kidogo, nadhani kwa sababu ya mvuke.

"Ni Bayama," Mercy akasema. "Anatuwashia jua."

Mimi! Nikakohoa, nikaangalia dari.

Nesta akamuuliza Enesi kama anataka kwenda Isansa, kuna ng'ombe, kuna vitanda vipya. Enesi akafikiri sana. Akasema atakwenda kuwaona ng'ombe, lakini arudishwe kabla ya saa moja jioni, kwa sababu saa moja ndiyo anti anawapa maji ya moto na kuwasimulia hadithi, na hadithi ya jana haijaisha.

Dada yangu akakunja lile begi tupu mara nne hadi likatosha kwenye mkoba. Akasema, "Kaka, mimi sikuogopa namba. Niliogopa mmewachoka, mnaona aibu kusema."

Tabita ndiye aliyemjibu. "Wifi, hatujawachoka," akasema. "Hata hatujawazoea vizuri."

Tulikula viazi vyote. Watoto wanabaki. Hezron akaja jioni na kuku mzima, amechinjwa na kunyonyolewa, akamweka mezani bila hotuba, akasema ni yule aliyepoteza sauti. Akaniomba pia nimsawazishe nywele upande wa kulia. Alikuwa anajua muda wote!

Ushindi kamili. Efraimu abaki na vitanda vyake.

Jumapili, 20 Julai

Kanisani watu wamenipa mkono. Mwalimu Restuta amenipongeza kwa kufuata ushauri wake wa dakika kumi na tano. Sikumsahihisha. Mtu mkubwa anawaachia wadogo sehemu ya sifa.

Nyumbani Tabita amesema tumevuka salama, kioo kirudi saluni, balbu irudi saluni, na mimi nipumzike. Nimemwitikia. Lakini akili kama yangu haina kitanda.

Nimeangalia kalenda. Siku zimeanza kurefuka. Desemba jua la huku litazama saa moja jioni, watoto watataka kucheza nje hadi saa mbili, na usingizi utachelewa tena. Nesta atatoa wiki nyingine. Nani ameliona hili? Hakuna. Wote wamekaa tu wanasubiri Desemba iwakute.

Mwanga nimeshautengeneza. Sasa nitatengeneza giza.

Lile turubai la Hezron lina mita sita kwa nne. Nimelipima kwa macho nikiwa njiani kutoka kanisani. Linatosha kufunika nyumba yangu yote kuanzia bati hadi msingi, na bado likabaki kidogo la kufunika ya kwake, kwa ajili ya Marta. Sitamwambia sasa hivi. Nitalichukua na kupanda nalo juu ya bati kesho jioni, wakati yuko sokoni, nijaribu na watoto wakiwa ndani.

Ngazi ninayo.